Kila Kilichofungwa Kifunguliwe

Mimi sikuwa na ng'ombe wa kujisifia. Nilikuwa na mjukuu wa kike aliyesoma fizikia chuo kikuu, na nilimtembeza gulioni Dutwa kama wenzangu wanavyotembeza dume la mbegu: haya, litazameni, shikeni nundu, ulizeni bei kama mnaweza. Yeye mwenyewe hakuwepo. Nilitembeza sifa zake tu, nimekaa nyuma ya michembe yangu, na mtu aliyekuja kununua kopo moja la viazi vikavu aliondoka na mjukuu wangu mzima kichwani.

"Anasomea nini hasa?" waliniuliza.

"Anabana mawe."

"Anabana?"

"Kwa almasi mbili, moja juu, moja chini. Anabana mpaka jiwe linatoa mwanga wa ndani."

Kulikuwa na mzee mmoja muuza kamba za katani, mtu wa mdomo. Alicheka mpaka akakohoa. "Mama, sisi hapa bei ya pamba imetubana tangu tuzaliwe. Mbona hatuwaki?"

"Wewe utawaka nini na ndani hamna kitu?"

Gulio lilicheka, na yeye akacheka. Siku hizi haniulizi tena. Ananiambia mwadila, namwitikia, kisha anainamia kamba zake kama anazihesabu. Huruma ya mtu wa mdomo inauma kuliko mdomo wake.

Nililea wajukuu wawili, wote wa kike. Mama yao, binti yangu, aliolewa mara ya pili huko Lamadi kwenye dagaa, na mume mpya hakutaka watoto wa mwenzake. Nikasema leta. Mkubwa alimaliza la saba akashika jembe, na alilishika vizuri. Mdogo hakushika kitu, aliuliza maswali tu. Nikisukasuka maziwa kwenye kibuyu, anauliza kwa nini sauti inabadilika siagi ikitaka kutoka. Namwambia, maziwa yamechoka kupigwa. Anasema, "Yamechoka ghafla, bibi? Kwa nini yasichoke kidogo kidogo?" Mtoto wa darasa la pili huyo. Mimi shule yangu iliishia la nne, nikamwambia nenda kafukuze kuku kwenye mtama.

Alipofika chuo nilimuuliza mwenyewe anieleze kazi yake, maana gulioni nilikuwa naishiwa maneno. Alikuwa amekuja likizo, tumekaa uani tunachambua pamba juu ya turubai, nyeupe huku, na ile yenye madoa, fifi, huku.

"Unakumbuka jineri, bibi?"

Nitaachaje kuikumbuka? Nilifanya kibarua kwenye kiwanda kile misimu mingi, nikifagia chini ya mashine inayoshindilia marobota. Pamba inaingia laini kama povu, chuma kinashuka, inatoka robota gumu la kuvunja kidole cha mguu. Linafungwa mikanda. Ole wako ukikata mkanda umesimama mbele yake. Linakurukia kama chui.

"Basi na mimi nashindilia," alisema. "Ila changu ni chembe, ndogo kuliko yai la chawa. Naiweka kati ya ncha mbili za almasi, nakaza skrubu. Pale katikati inabanwa kuliko jiwe lililoko chini kabisa ya ardhi, chini ya milima yote."

"Na utaionaje imo ndani ya chuma?"

"Almasi ni kioo, bibi. Mwanga unapita. Naimulika kwa mwanga wa kijani, nayo inanijibu kwa mwanga wake yenyewe. Huo wa kwake ndio ninaousoma. Kuna mashine inauchambua kama hivi tunavyochambua." Akaweka nyuzi huku na huku. "Nyekundu huku, njano huku. Na ndani ya nyekundu kuna nyekundu nyingine ambazo jicho halizioni. Nikikaza, rangi inasogea taratibu, kama ng'ombe anayekula huku anatembea. Naendelea kukaza, inasogea. Halafu mahali fulani inaruka. Ghafla. Hapo najua ndani ya jiwe mambo yamepangwa upya. Hakuna kilichoongezwa, hakuna kilichopungua, lakini si jiwe lile tena."

"Ndiyo ile siagi yako."

Alinitazama kwa furaha kama vile nimempa ndama. "Ndiyo ile ile, bibi."

Jumamosi iliyofuata gulio zima lilijua.

Lakini kazi yenyewe ilimtesa. Akipiga simu nasikia sauti yake imekonda. Mara chembe imetoka pembeni, mara almasi imepasuka. Almasi ni ngumu, ila ukikaza upande mmoja ukasahau wa pili, inakatika kama jino. Alipasua jozi, akapewa nyingine, akapasua. Mwalimu wake akamwambia: hizi ndizo za mwisho maabara, zikienda utafute kitu kingine cha kusoma. Na yeye hakuwa na kitu kingine. Mtu aliyeuliza swali moja tangu darasa la pili, utampa swali gani jipya?

Mwaka ule, mvua za vuli zilipokuwa zinaanza, alipiga simu akipiga kelele. "Imeruka, bibi! Nimekaza, rangi ikaruka, na mahali pasipokuwa na kitu pametokea mwanga mwingine. Wa njano. Mdogo, lakini upo."

"Wabeja, mayu!" Kwetu mtoto wa kike tunamwita mayu, mama, hata kama ananyonya. "Wabeja sana! Basi umemaliza?"

"Bado. Nimeuona mara moja tu. Mara moja si ushahidi."

Kabla hajauona mara ya pili, ile taa ya kijani ya mashine ikafa. Kifaa kiagizwe nje, chuo kikafungwa kwa likizo, na yeye akaja nyumbani na chuma chake cha kubania, jiwe limo ndani.

Alikuja kwa sababu mbili. Ya kwanza, dada yake alikuwa mjamzito wa mwezi wa mwisho, na kwetu mimba ya kwanza mtu huzalia kwao, kwa hiyo alikuwa kwangu. Ya pili, hakuwaamini wenzake maabara. Alisema mtu akipita akagusa skrubu moja tu kwa udadisi, basi. Jiwe lake lilikuwa kama robota: likifunguliwa linarudi kuwa lile la zamani. Likae limebanwa vile vile mpaka taa mpya ifike, ndipo alimulike tena, aoneshe ule mwanga wa njano mbele ya mwalimu. Hapo ndipo atapata cheti chake.

Chuma chenyewe kilikuwa kama yai la bata, kizito, cha baridi, kina skrubu nne. Alikibeba kwenye kopo la majani ya chai, amekizungushia pamba. Pamba yetu wenyewe. Siku aliyofika alikiweka mezani, akabandika kioo kidogo kwenye kamera ya simu, akamulika kwa kile kitaa cha kijani wanachochezea watoto mnadani. Kwenye simu nikaona nukta nyekundu. Inawaka kama jicho la paka.

"Ndiyo hiyo?"

"Hapana, hiyo ni rubi. Nimeiweka pembeni ya jiwe langu iwe mizani. Nyekundu yake inaniambia nimebana kiasi gani. Jiwe langu lenyewe mwanga wake ni mdogo, simu haiuoni."

Mkubwa naye akainama kutazama, mkono kiunoni, tumbo limegusa meza. "Yaani umesoma miaka yote hiyo kwa kanukta?"

"Na wewe umebeba miezi yote hiyo kwa kamtu."

Walicheka wote wawili mpaka mkubwa akasema acheni, nitajikojolea. Sijasikia kicheko kingine kama kile humu ndani.

Zahanati walikuwa wamemwambia mkubwa asisubiri nyumbani, aende Bariadi mjini akae karibu na hospitali, maana mtoto alikuwa hajageuka. Tulikuwa tumepanga aende Jumatatu. Mume wake alikuja Jumapili na pikipiki ya kukodi ili kesho yake ampeleke mpaka barabarani. Lakini mvua ilinyesha usiku kucha huko juu, na mto wetu ambao mwaka mzima ni mchanga wa kuchota kwa karai ulishuka asubuhi ukiwa na miti na mbuzi aliyekufa. Pikipiki ikafika mtoni, ikarudi. Uchungu ukaanza wakati chai iko jikoni.

Simu tulipiga. Walisema gari litasimama ng'ambo, mto ukipungua tu tumvushe. Tukakaa tunautazama mto kama unavyotazama ng'ombe wa mtu mwingine yuko shambani kwako.

Aliyezalisha ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Anakaa boma la pili. Amezalisha kijiji kizima, hana mzaha, na mkono wake sijawahi kuutilia shaka. Alimshika mkubwa vizuri, akamkalisha, akampa uji. Mdogo alikaa nyuma ya dada yake kumshika mabega. Mpaka saa za mchana mambo yalikuwa yanakwenda. Kisha wifi akatoka uani, mikono ameishika mbali na mwili.

"Ni kashindye," akasema.

Kashindye ni mtoto anayetanguliza miguu. Sisi hatumchukulii kama watoto wengine. Ana miiko yake kama mapacha, na wa kwanza kabisa ni huu: mtoto wa namna hiyo akiwa njiani, nyumbani kusiwe na kitu kilichofungwa. Kila kilichofungwa kifunguliwe, ili na yeye afunguliwe. Mama yangu aliufuata, na mama yake pia. Mimi nimeufuata mara nyingi, na watoto wametoka, na wengine hawakutoka.

Wifi akaanza kuamuru. Vifuniko vya vyungu vikatoka. Kihenge kikafunuliwa mvua inanyesha. Magunia ya pamba yakafunguliwa midomo, ndama wakaachiwa kamba, kuku wawili wa kuuza wakakatwa kamba za miguu wakakimbilia bondeni, na sijawaona tena. Sanduku langu la nguo likatolewa kufuli. Nikafumua nywele zangu mwenyewe. Mkwe wetu alikuwa amesimama chini ya paa la jikoni, wifi akamkodolea macho.

"Mkanda."

"Bibi, suruali ni kubwa hii."

"Mkanda, nimesema. Unataka mke au unataka suruali?"

Akaufungua. Tangu hapo alisimama pale ameshika suruali kwa mikono miwili, analia, na hana mkono wa kufutia machozi. Ningecheka kama ingekuwa siku nyingine.

Kisha wifi akageuka kwangu. "Na kile chuma?"

Nilijua atakitaja. Nilikuwa nimeshakitoa kwenye kopo.

"Kile si cha humu."

"Hakilali humu?"

"Ni cha chuo."

"Basi chuo kije kizalishe."

"Wifi, kile kikifunguliwa, masomo ya mtoto yamekwisha. Umesikia? Yamekwisha."

"Na huyu aliyeko ndani anamalizwa na nini? Kitu chenu kimebanwa kuliko vyote, wewe mwenyewe umetangaza gulioni, kimebanwa kuliko jiwe la chini ya milima. Leo kashindye yuko mlangoni, unakikumbatia! Almasi na mtoto, wewe unachagua almasi?"

"Nachagua wote."

"Hakuna wote."

Nikaketi kwenye kigoda, nikakiweka kile chuma mapajani, nikakifunika na khanga, nikaikalia ncha ya khanga huku na huku. Nikamwambia anayekitaka anifungue mimi kwanza. Na nitasema wazi, mpaka leo sioni nilikosea wapi. Nilikuwa nimeshafungua kihenge changu cha chakula cha mwaka. Nilifungua kila kilicho changu. Kile hakikuwa changu. Kilikuwa cha mtoto aliyeuliza swali tangu darasa la pili, na jibu lilikuwa mapajani kwangu, baridi, likinigusa ngozi.

Ukuta wa nyumba yetu ni wa tope na unapitisha kila neno. Nikamsikia mkubwa kule ndani.

"Mdogo wangu. Kifungue na hicho."

Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayeomba maji.

Mdogo akatoka. Mikono yake ilikuwa na damu ya dada yake mpaka kwenye viwiko. Hakunitazama usoni, alitazama khanga.

"Bibi, nipe."

"Mayu, wewe unajua. Wewe ndiye unayejua! Skrubu itamtoaje mtoto tumboni? Mwambie dada yako."

"Siwezi kumwambia."

"Kwa nini?"

"Ananiomba, bibi. Nipe."

Nikampa. Ningefanya nini?

Ana kifunguo kidogo cha pembe sita kama cha fundi baiskeli. Alikuwa ameniambia kinavyofunguliwa: hii kidogo, ya ng'ambo yake kidogo, unarudi hii, kwa subira, kama unavyomlaza mgonjwa. Pale alipiga magoti kwenye matope ya uani, mikono inateleza kwa damu na mvua, akalegeza moja, akalegeza ya pili, na ya tatu ikakataa. Akaisukuma. Ndani ya chuma pakalia *tik*. Kadogo tu, kama kucha ikikatwa. Akafumba macho. Kisha akamaliza ya nne, akakiachanisha chuma, akakiweka vipande viwili chini, wazi, mbele ya wifi yangu.

"Haya," akasema. "Hakuna kilichofungwa."

Akarudi ndani.

Mtoto alitoka jua likiwa limeanza kuinama. Wa kiume. Alitoka miguu, kiuno, na kichwa mwishoni, na hakulia. Wifi alimpuliza, akamsugua, akampiga nyayo. Alikuwa ameshaondoka zamani. Shingoni kitovu kilikuwa kimemzunguka, kimebana. Hicho ndicho kilichokuwa kimefungwa, na hakuna mtu uani ambaye angekifikia.

Wifi alimfunga mtoto kwenye kitambaa. Akatoka, akaona vile vipande vya chuma kwenye matope, akasema bila ubaya wowote, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani: "Mmeona? Kimefunguliwa, ametoka. Kingefunguliwa asubuhi angetoka na pumzi."

Laiti angenitukana. Tusi lingepita.

Mto ulipungua kesho yake. Mkubwa tulimvusha kwa mkokoteni wa ng'ombe mpaka kwenye gari, na hospitali wakamtibu, akapona. Muuguzi kule aliwaeleza wajukuu wangu wote wawili, nikiwepo. Alisema mtoto alikabwa na kitovu na huenda alikufa hata kabla hatujajua anatanguliza miguu. Alisema ingekuwa hospitali labda, lakini nyumbani hapana. Mdogo aliitikia kwa kichwa. "Najua, sista." Mkubwa alitazama ukutani. Akaenda kwa mume wake moja kwa moja bila kupita kwangu. Mpaka leo akipiga simu anauliza mvua, anauliza ndama. Mdogo wake hamuulizi.

Nilimsubiri mdogo arudi chuo. Kile chuma alikisafisha, akakikagua kwa kile kioo cha simu. Almasi ya chini ilikuwa na ufa. Nikamwambia mulika, labda. Akamulika. Ile nukta nyekundu ilikuwepo inawaka.

"Si hiyo! Inawaka!"

"Hiyo rubi, bibi. Rubi huwaka hata kama haijabanwa na kitu. Jiwe langu limesharudi."

Mwalimu wake si mtu mbaya. Alipiga simu, nilisikia, sauti ilikuwa imewekwa wazi mezani. Alisema njoo, ajali hutokea, nitaomba almasi kwa marafiki zangu, tutaanza upya. Mjukuu wangu akasema asante mwalimu, nitakuja. Akafungasha. Mimi mwenyewe nilimsindikiza Dutwa, nilimbebea begi kichwani katikati ya gulio ili wanione, nikamwona akipanda basi la Mwanza, amekaa dirishani. Nikauza michembe yangu siku hiyo kwa mdomo mkubwa kuliko siku zote.

Jioni nilimkuta nyumbani amekaa jikoni. Alishuka kituo kilichofuata, akarudi kwa miguu.

Nilikasirika. Nilimwambia maneno. Nilimwambia dada yako alilima ili wewe usome, na kile kitoto kimekufa hakirudi, sasa na wewe unataka kufa ukiwa umekaa? Alinisikiliza mpaka nikachoka.

"Bibi, nilijua haitasaidia. Nilikuwa na uhakika kama ninavyojua jua ni moto. Nikafungua. Sasa kila siku nikiamka najiuliza kwa nini sikufungua asubuhi. Hayo mawili hayakai kichwa kimoja. Nikikaa mbele ya ile mashine, mwanga ukiniambia kitu, nitauamini kwa kichwa kipi?"

Mimi niliishia la nne. Nilikaa pale nikitafuta jibu kama mtu anayetafuta sindano kwenye pamba, na sikulipata. Sijalipata hadi sasa ninapoandika haya. Kama wewe unalo, ujue ni zuri, lakini yeye ameshaacha kuuliza.

Wifi anampenda sasa. Anasema amekuwa mtu wa nyumbani. Huja asubuhi, "Mwangaluka, mayu," anamletea maziwa, na wanakaa pamoja. Siku moja alimwambia atamfundisha kuzalisha. Mjukuu wangu akasema hapana, bibi, lakini kwa adabu.

Gulioni bado naenda. Wananiuliza, lakini kwa sauti ya msibani: "Yule wa mwanga yuko?" Nasema yuko. Wanasema haya. Zamani ningeongeza maneno mpaka giza liingie. Sasa napima kopo langu la michembe, nachukua changu.

Jambo moja hawalijui gulioni, na ndilo linaloniua. Mtoto yule aliyeweza kukaza skrubu nne kwa zamu kwa mkono ambao hautetemeki, hawezi tena kufunga kitu. Sikuliona mwanzoni. Nilidhani ni uvivu. Akipika, sufuria haifunikwi, na wali unakauka. Nywele hasuki. Msimu huu wa pamba alivuna vizuri, alichambua vizuri, safi huku, fifi huku, jicho lake halijaharibika. Tukajaza magunia, akayashindilia kwa miguu amesimama ndani kama alivyofanya utotoni. Nikasema shona midomo, nami nikaenda kuchuma mboga. Niliporudi magunia yote yalikuwa yamekaa wazi, upepo umetoa pamba, imeshika kwenye miba ya boma lote. Yeye amekaa katikati, sindano na kamba mkononi, haijapitishwa hata tundu moja.

"Mayu, ni gunia tu."

"Najua, bibi. Najua ni gunia."

Nikamnyang'anya sindano, nikashona mwenyewe.

Na ndama. Kila jioni namwambia afunge ndama ili asubuhi tupate maziwa. Anaenda, namwona anainama, anashika kamba, anakaa pale muda mrefu. Anarudi anasema tayari. Sitoki kukagua mbele yake, si vizuri. Namwacha aingie kulala, kisha nazunguka nyuma yake nikifunga: mlango wa kuku, kifuniko cha mtungi, kamba ya ndama wa kwanza, wa pili. Mgongo wangu si wa kuinama tena. Siku nikizidiwa nikalala mapema, asubuhi nakuta chuchu za ng'ombe zimelegea, ndama wameshiba wamelala, kibuyu changu hakina cha kusukasuka.

Chuma kipo juu ya kabati, vipande viwili, kwenye kopo lile lile. Kopo halina kifuniko. Nililifunika mara moja. Asubuhi nikakuta kifuniko kiko chini.